Buti la Mama Kabla

Gari la Mama Kabla lilipakwa rangi kwa brashi. Ukilisogelea jua likiwa la ubavuni, uliona mistari ya nywele za brashi ikishuka mlangoni kama kwenye ukuta wa jikoni, maana rangi yenyewe ilikuwa ya ukuta: kijani kilichobaki mdogo wake alipomaliza kupaka jengo la posta. Lilikuwa gari refu la mkia, watu mbele, mizigo nyuma. Kipima mwendo chake kilihesabu mpaka kikaishiwa namba, kikarudi kwenye sifuri, kikaanza upya, kisha kikagoma kabisa. Mtu akimuuliza gari limetembea kilomita ngapi, alimjibu, “Iulize barabara. Mimi na gari hatutaji umri.”

Kazi yake ilikuwa kupeleka wagonjwa hospitali kuu na kuwarudisha. Mji wetu uko bondeni, hospitali iko mlimani, na katikati kuna mpando mrefu unaokwenda kwa kona baada ya kona. Gari zima hulalamika pale. Gari bovu hufia pale pale.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza saa ubavuni mwa gereji alikokuwa akilileta gari lake. Nasema nilikuwa, kwa sababu sasa hakuna saa za kutengeneza. Zamani kitu kiliundwa na mtu aliyejua kwamba siku moja kitachoka, na kwamba mtu mwingine atakifungua. Ndiyo maana alikitia skrubu. Siku hizi wanakiziba kwa gundi, na kikichoka wanakwambia nunua kingine. Hakuna anayefungua. Wanatupa, halafu wanasema wameendelea. Basi meza yangu ilipokuwa tupu, na mara nyingi ilikuwa tupu, niligeuza kiti kuelekea gereji nikamtazama mama huyu, ambaye mwanzoni nilimwona amechanganyikiwa.

Wenzake wenye magari makuukuu walikuwa na dua moja tu: lifike jioni. Kitu kikifa ndipo walipokitafutia mrithi. Mama Kabla alitoa kitu kingali hai. Jina lenyewe walimpa madereva kwa kumcheka. “Mama, fenibelti imekatika?” “Bado.” “Sasa mbona unabadilisha?” “Kabla.” Akibadilisha mpira wa rejeta, kabla. Akibadilisha koili, kabla. Mwisho hata yeye aliitika jina hilo, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Fundi wa gereji ile tulimwita Fundi Mbishi. Alibishana na wateja, akabishana na magari, na asipopata mtu alibishana na spana. Lakini mikono yake ilikuwa ya zamani, ile mikono iliyojua nati imekaza kiasi gani bila kuambiwa. Siku ya pampu ya mafuta nilikuwa nimekaa karibu, nikawasikia.

“Mama, pampu hii inasukuma mafuta kama kijana. Niitoe ya nini?”

“Isifie ndani.”

“Kila mtu atafia ndani, mama. Hata mimi na wewe.”

“Wewe ukitaka kufia ndani, fia. Pampu yangu itoe.”

“Ina kosa gani?”

“Imenyamaza.”

Fundi alinigeukia. “Mzee Saa, umesikia? Ameitia hatiani kwa kukaa kimya.”

Nami nikamuunga mkono fundi. Nilimwambia Mama Kabla kwamba kutoa kitu cha zamani chenye kazi yake na kuweka hivi vipya vya siku hizi ni kumfukuza mzee mwenye akili ukamwajiri mlevi. Nilisema spea za sasa hutoka kwenye boksi zimeshakufa, zinangoja kuzikwa tu.

“Ndiyo maana, mzee wangu,” alisema. “Kipya nakijaribu wakati cha zamani bado kina nguvu. Kipya kikiniangusha, ninacho cha kuniinua. Sasa wewe ngoja cha zamani kife, halafu uweke kipya, halafu kipya nacho kikuangushe. Utainuka na nini?”

Fundi akaanza kulegeza nati, akinung'unika kwamba dunia imeisha.

Hilo la kunyamaza ndilo lililokuwa kipimo chake. Kifaa kinachopiga kelele alikivumilia. “Anayelia bado ana pumzi,” alikuwa akisema. Lakini kikiwa kimelia kwa muda mrefu, halafu kikatulia chenyewe bila mtu kukitibu, hakukilaza tena ndani ya gari. Pampu ile ilikuwa ikigonga taratibu kila gari liliposimama na kuunguruma, tik, tik, kama saa ya ukutani. Wiki hiyo iliacha. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alilileta gereji.

Alikuwa amejifunza kwa marehemu mume wake, na alijifunza kwa machozi. Mume huyo, dereva wa lori, nilimfahamu, mcheshi, mwepesi wa mkono, na neno lake la siku zote lilikuwa “bado kidogo.” Tairi bado kidogo. Breki bado kidogo. Mguu wa mbele wa lori lake ulilia mwezi mzima, kisha ukatulia, naye akafurahi kwamba umejiponya. Haukuwa umejiponya. Kona ya tatu ya mpando ina mawe mapya kwenye ukingo wake mpaka leo, meupe kuliko mengine. Mama Kabla hupita pale bila kugeuza shingo.

Sasa nieleze buti, maana hapo ndipo wazimu ulipogeuka kitu kingine machoni pangu. Kila alichokitoa alikiosha kwa mafuta ya taa, akakipaka grisi, akakifunga kwa kitambaa, akakilaza nyuma. Hakuandika kitu. Kitambaa ndicho kilichokuwa jina. Koili ilikaa ndani ya kipande cha blauzi ya shule, fenibelti ndani ya foronya, pampu ya mafuta ndani ya mkono wa shati la kaki la mume wake. Nilipolifungua buti lile mara ya kwanza nilidhani nimefungua kabati la nguo kuukuu. Nikashika kifurushi kimoja, kikanilemea mkononi. Nikafunua. Chuma kilikuwa kinang'aa.

“Hivi vyote vinafanya kazi?” nilimuuliza.

“Vyote ni wastaafu, mzee. Hawajafa. Ukiwaita wanaamka.”

Nilisimama pale nikiwa nimeshika mstaafu mmoja, mimi mwenyewe mstaafu nisiyeitwa na mtu.

Abiria wake wa kudumu, kila Jumatatu na Alhamisi, alikuwa mdogo wake. Mpaka rangi. Mji mzima ulikuwa umepita mikononi mwake. Hakuna nyumba ambayo hakuisimamishia ngazi, na akikutana nawe njiani angekwambia rangi ya ukuta wako ni ya mwaka gani. Tulimwita Brashi. Figo zake zote mbili zilikuwa zimeacha kazi. Mara mbili kwa wiki alipandishwa mlimani akalazwa kando ya mashine, damu yake ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa. Akikosa siku, maji yangemjaa mwilini mpaka kwenye mapafu. Akichelewa, mashine ilipewa mgonjwa mwingine, na yeye angengojea aonewe huruma. Kwa hiyo gari lile la rangi ya posta halikuwa gari tu. Lilikuwa nusu ya mashine.

Siku za Alhamisi nilipanda nao kwenda kutafuta betri ndogo za saa, au ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilipenda maneno yao. Brashi alikaa mbele na chupa ndogo ya maji ambayo hakuruhusiwa kuimaliza. Alilowesha midomo tu, kisha akalalamika. Alilalamikia sindano. Alilalamikia chumvi iliyokatazwa. Alilalamikia ukuta wa wodi ya figo, kwamba aliyeupaka hakuondoa vumbi kwanza.

“Dada, nikipona nitaukwangua ukuta ule kwa kucha.”

“Pona kwanza.”

“Nalala chini yake saa zote zile. Wewe hujui mateso.”

Pampu mpya ilikufa kwenye mpando, siku ya Alhamisi, juu kidogo ya kona ya mawe meupe. Gari lilikohoa, likajikaza, likakohoa tena, likaishiwa nguvu kama mtu aliyekatishwa sentensi. Mama Kabla alivuta breki ya mkono, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Harufu ya petroli ilikuwa imejaa. Alifungua boneti, akatazama mara moja tu.

“Mlevi ameanguka,” alisema, akinitazama mimi.

Nilidhani sasa tumekwisha. Barabara ilikuwa tupu. Brashi uso wake ulikuwa umevimba tangu asubuhi, na kila mmoja wetu alijua mashine haimngoji mtu. Ndani yangu nilikuwa tayari nimeshaandaa hotuba kuhusu spea za siku hizi. Mama Kabla hakungoja hotuba. Aliacha injini ipoe, akaenda kwenye buti, mkono wake ukapita juu ya vifurushi bila kusitasita, ukachukua ule wa kaki.

Mimi nilibanwa na mkojo wa uzee na wa hofu pamoja. Nikasema naenda nyuma ya jiwe kubwa lililokuwa pale kando ya barabara.

“Nenda, Mzee Saa,” Brashi aliniitia kutoka kiti cha mbele. “Kojoa na wangu. Mimi bomba limefungwa siku nyingi. Faida pekee ya ugonjwa huu, sisumbui dereva.”

Tulicheka, kwa sababu alisema ili tucheke. Lakini nikiwa nyuma ya jiwe lile nilijikuta nikisikiliza sauti ya kitu ambacho sijawahi kukisikiliza maisha yangu yote. Mtu mzima, mwenye mikono iliyopaka mji, alikuwa ananionea wivu kwa hicho.

Niliporudi, Mama Kabla alikuwa ameinama ndani ya gari, spana mkononi, mkono wa shati la marehemu umetandikwa juu ya betri ili nati zisipotee. Nati mbili, mipira miwili, klipu mbili. Pampu mpya alipoitoa alinipa. Ngozi yake ya ndani ilikuwa imepasuka kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ile ya zamani aliipuliza, akaisikiliza sikioni, akaifunga. Vidole vyake havikuwa na haraka. Nimekaa na saa maisha yangu, najua jinsi vidole visivyo na haraka vinavyoonekana. Nilidhani vilikwisha duniani.

Gari liliwaka jaribio la pili. Pampu ya zamani ikaanza kugonga, tik, tik, kama mzee aliyeamshwa anayekohoa njiani kwenda kazini.

Tulifika. Mashine ilikuwa bado haijapewa mtu. Muuguzi aliniruhusu nisimame kwenye kioo cha mlango, na kwa mara ya kwanza nikaiona. Mimi ni mtu wa kudharau vitu vipya, na nina sababu zangu. Lakini niliona damu ya Brashi ikitoka mkononi mwake kwa mrija mwembamba, ikazunguka kwenye kile kifaa, ikarudi kwa mrija mwingine, na yeye amelala chini ya ukuta wake mbaya akisinzia. Chuma na plastiki vinafanya kazi ya kitu kinachotosha kwenye kiganja. Na hata hivyo chuma chote kile, kikubwa kama kabati, kilifanya kazi hiyo kwa shida na kwa saa nyingi, wakati kile cha kiganjani hufanya usiku na mchana bila kuomba shukrani. Nilivua kofia. Sijui niliivulia nini, mashine au figo.

Baada ya hapo Brashi aliacha kulalamika.

Mimi niliona ni nafuu. Alhamisi moja hakuutaja ukuta. Alhamisi iliyofuata hakuzitaja sindano. Alikaa na chupa yake mapajani, akatazama dirishani, akafika, akarudi. Tulipokuwa tunashuka mpando jioni moja, Mama Kabla alipunguza mwendo, akasogea pembeni, akasimamisha gari. Nilidhani pampu tena. Lakini injini ilikuwa inaunguruma vizuri. Ni yeye aliyekuwa hatazami barabara. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

“Umenyamaza,” alimwambia.

“Nimechoka tu, dada.”

“Tangu lini umenyamaza?”

“Unataka nilie? Uliniambia nalia sana.”

“Daktari aliniambia habari ya kupandikiza figo. Ananiambia mimi na wewe damu yetu moja, nikapimwe. Amenieleza mara nyingi. Wewe ulimjibu nini?”

Brashi alizungusha kizibo cha chupa. “Nilimwambia bado kidogo. Mashine inanitosha kwa sasa.”

Tulikuwa juu tu ya mawe meupe. Yeye mwenyewe Brashi aliposikia neno lililomtoka, alifumba macho.

“Bado kidogo,” Mama Kabla alirudia, polepole.

“Dada, sikukusudia—”

“Najua hukukusudia. Na yeye hakukusudia.”

“Nikutoe kitu ndani ya mwili wako? Wewe mwenyewe gari kuukuu. Nikuchomoe spea halafu uje kuzimika mpandoni? Nitaishi vipi?”

“Ziko mbili.”

“Mzee Saa, mwambie.”

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno mengi, yote ya hofu. Nikayameza.

Mama Kabla alizima injini. Sauti yake iliposhuka ilikuwa kama ya mtu anayesimulia hadithi ya kulaza mtoto. “Mama alikuwa anabadilisha lini kamba ya kisima?”

Brashi alimgeukia. “Ikiwa nzima.”

“Majirani walikuwa wanabadilisha lini?”

“Ikishakatika. Na ndoo iko chini.”

“Ulishakwenda kuwaopolea ndoo wangapi?”

“Wote,” alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu midomo yake ilicheza kidogo.

“Na ile kamba ya zamani Mama alikuwa anaifanya nini?”

“Tulikuwa tunaruka nayo.” Akageuka dirishani. Mabega yake yalitikisika, sikujua kama anacheka. “Wewe ulikuwa unahesabu kwa wizi, dada. Kila ukifika kumi unaruka mpaka kumi na tano.”

“Basi twende nikapimwe kabla hujawa ndoo.”

Akawasha gari. Hakuna aliyesema neno mpaka nyumbani, ila pampu.

Daktari wa figo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Nilikuwepo siku aliyosoma majibu ya vipimo, nikiwa ndugu wa kubambikwa. Mama Kabla alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kusikia bei.

“Daktari, mimi kilomita zangu nyingi. Sema ukweli. Itafaa?”

Daktari alicheka, kisha akaona hacheki na mtu. Akavua miwani. Alisema hawahesabu miaka peke yake. Wanatazama figo inafanyaje kazi, na zake zinafanya kazi vizuri sana, na zimekubaliana na mwili wa mdogo wake. Akaeleza yote kwa subira, hata hatari, hakuficha hata moja. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo nikiwa peke yangu hulitoa na kulitazama kama nilivyokuwa nikitazama saa nzuri.

“Ile itakayobaki kwako itakua.”

“Itakua vipi, daktari? Mimi mtu mzima.”

“Itajua kwamba mwenzake ameondoka. Itaongezeka ukubwa, ichukue na sehemu ya kazi yake.”

Hakuna saa iliyowahi kutengenezwa, si zamani wala leo, ambayo ukiondoa gurudumu moja, lililobaki linanenepa ili muda uendelee. Nimefungua saa za kila aina. Nilikaa kwenye kiti kile cha plastiki nikahisi nimekuwa mtoto.

Kabla ya operesheni, Mama Kabla alilipeleka gari gereji. Kwa muda asingeweza kuendesha, na Fundi Mbishi ndiye aliyejitolea kuwapeleka na kuwarudisha.

“Sitaki likufie mkononi,” alimwambia. “Pampu hii ya zamani imefanya kazi yake. Nimepata nyingine. Weka.”

Nilingoja ubishi. Fundi alipangusa mikono yake kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Na hii?” aliuliza, akiionyesha ya zamani.

“Irudishe kwenye kaki yake.”

Aliifunga mwenyewe, kwa uangalifu, akaingiza ncha ya kitambaa ndani kama anavyofanya mama huyu. Kisha akaniona namtazama, akafoka, “Mzee Saa, huna kazi?”

Siku ya operesheni tulikaa mimi na fundi kwenye korido. Alibishana na muuza magazeti, alibishana na saa ya ukutani kwamba inachelewa, nami nikaiangalia nikamwambia haichelewi. Mlango ulipofunguka na daktari akatoka na miwani yake kifuani, fundi alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akamwacha mwingine aseme kwanza.

Wote wazima, daktari alisema. Figo ilikuwa imeunganishwa tumboni kwa chini, upande wa mbele, na damu ilipofunguliwa iingie, ilibadilika rangi mbele ya macho yao. Ikaanza kutoa mkojo pale pale mezani, kabla hawajamaliza kushona.

“Pale pale?” fundi aliuliza.

“Pale pale.”

“Bila kusukumwa?”

Daktari hakuelewa, lakini aliitikia. Fundi akakaa chini, akafunika uso kwa ile mikono yake ya grisi isiyotoka.

Tuliporuhusiwa kumwona, tulimkuta Mama Kabla amelala, mdogo, kana kwamba wamemtoa zaidi ya tulivyoambiwa. Alipotuona hakuuliza habari zake. Alijua tayari ya mdogo wake. Alikuwa na swali moja, na daktari alipoingia akamuuliza.

“Zile figo zake za zamani mmeziweka wapi?”

“Hatukuzitoa,” daktari alisema. “Zimo humo humo.”

Mama Kabla alinyanyua kichwa. “Mmeziacha ndani?”

“Mara nyingi tunaziacha. Si za kutumia tena. Ni kwamba kuzitoa ni kumwongezea kidonda bure.”

“Sababu ni yenu, daktari wangu. Lakini zimo.” Akaanza kucheka, akashika ubavu kwa maumivu, akaendelea kucheka. “Mzee Saa, umesikia? Zimo! Nenda kamwambie mdogo wangu ana buti.”

Nilikwenda. Brashi alikuwa amelazwa chumba kingine, amezibwa pua na mdomo kwa kitambaa cha hospitali, haruhusiwi kukaribiwa. Nikamwambia nikiwa mlangoni. Macho yake yalikunjamana juu ya kile kitambaa. Akainua vidole vitatu.

Walikaa huko siku nyingi. Dada alitoka mapema, mdogo alibaki akitazamwa, na Mama Kabla hakukubali kushuka mlima peke yake. Alikaa kwa jamaa karibu na hospitali mpaka mdogo wake naye aliporuhusiwa. Siku hiyo Fundi Mbishi alikuwa nyuma ya usukani, mimi kando yake, na ndugu wale wawili kiti cha nyuma, kila mmoja na mto tumboni. Fundi aliendesha kama aliyebeba mayai. Mama Kabla alimwambia ataotesha mizizi barabarani. Brashi alikuwa anaulalamikia ukuta wa wodi kwa sauti kubwa, tangu getini, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tulianza kuteremka. Karibu na lile jiwe kubwa, Brashi alikata maneno yake katikati.

“Simamisha gari.”

Fundi alikanyaga breki, akageuka. Mama Kabla alikuwa ameshamshika mdogo wake mkono. “Nini? Wapi panauma?”

“Hakuna panapouma.” Sauti yake ilikuwa ya ajabu, ya mtu anayeona aibu na anayejivuna. “Nimebanwa.”

Fundi alishuka mbio, akazunguka, akamfungulia mlango, akamsaidia kusimama. Brashi alikataa kushikwa. Alikwenda mwenyewe, hatua fupi fupi, mkono mmoja kwenye kidonda, akapotea nyuma ya jiwe.

Fundi alirudi kwenye usukani, akazima injini bila kuambiwa. Tulikaa kimya, sote watatu, madirisha yakiwa wazi, tukasikiliza. Mimi niliyesikia mengi, nikasoma mengi, nikaona kila kitu kizuri kikitupwa na watu wasiojua walichotupa, nilikaa ndani ya gari lililopakwa rangi ya posta nikisikiliza mtu anakojoa, na nywele zilinisimama mikononi kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Iliendelea muda mrefu.

“Dada!” aliita kutoka kule nyuma.

“Nasikia,” Mama Kabla alijibu, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. “Usiharakishe. Tunakungoja.”